Usimwanzishe mgeni kwenye ukurasa wa kwanza

Mtu akisema anataka kuijua Qurani, jambo la kwanza linalotujia ni kumtafutia msahafu mzuri. Zawadi hiyo haina ubaya. Ubaya uko kwenye maneno yanayoifuata: "Anza mwanzo, soma polepole, utaelewa." Mimi husomesha watu wazima, waliosilimu karibuni pamoja na wale wanaotaka kujua tu, na walioambiwa hivyo hunijia wakiwa wamekwama mahali pamoja, ndani ya Sura Al-Baqara, ile ya pili. Wengine hata hawajafika kwenye hukumu za eda.

Hawana kosa. Wamezoea kitabu kinachoanza na kuumbwa kwa dunia kikasonga mbele kizazi baada ya kizazi. Hapa wanasoma aya 7 za Al-Fatiha, wanafunua ukurasa, na mbele yao zimejipanga aya 286 ambamo Bani Israili, kibla, hija, saumu, talaka na riba vinapokezana. Kwa hiyo kikao cha kwanza huwa sifungui sura yoyote. Naeleza mpangilio. Qurani ilimshukia Mtume Muhammad (S.A.W.) kwa muda wa takriban miaka 23, kuanzia mwaka 610 hadi kukaribia kufa kwake mwaka 632, kwanza Makka, kisha Madina. Aya za kwanza kushuka, zile za "Soma kwa jina la Mola wako", leo zimo katika sura ya 96. Sura zote 114 hazikupangwa kwa tarehe. Ukiiweka kando Al-Fatiha, kwa jumla ndefu ziko mbele na fupi ziko nyuma. Juzuu 30 ni mgawanyo wa kurahisisha usomaji, kwa hiyo asihangaike kutafuta mada ya juzuu ya saba.

Nikishamaliza hayo naongeza jambo moja: sura nyingi fupi za mwishoni ni za Makka, wakati Waislamu walikuwa wachache na wanaonewa. Zinazungumzia Mungu mmoja, kiyama, yatima na maskini. Hukumu nyingi za ndoa, mirathi na vita ni za Madina, kulikokuwa na jamii ya kuendeshwa. Mwanafunzi akishalishika hilo, mshangao mwingi humwishia.

Halafu namuuliza: umekujaje?

Hapo namfuata Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume. Waislamu wa mwanzo walipokimbilia Uhabeshi, Makuraishi, kabila lililotawala Makka, waliwatuma watu wao kwa mfalme Najashi ili wakimbizi warudishwe. Mfalme, ambaye alikuwa Mkristo, akamtaka Jaafar amsomee kitu katika hayo aliyokuja nayo Mtume wao. Jaafar angeweza kusoma popote. Alichagua mwanzo wa Sura Maryam, habari za Zakaria, Yahya na Bi Maryam, na wapokezi wa sira, yaani habari za maisha ya Mtume, wanasema Najashi alilia mpaka ndevu zake zikalowa. Kila anayemwanzisha mtu Qurani angefaa kukitazama vizuri kitendo kile: alimwangalia aliyekaa mbele yake, kisha ndipo akachagua aya.

Kwa hiyo aliyelelewa kanisani namwanzisha na Maryam, sura ya 19. Niliwahi kumsomea mama mmoja mwanakwaya wa siku nyingi. Tulipofika Maryam anaposhikwa na uchungu peke yake chini ya mtende, anatamani lau angekuwa amekufa kabla ya hayo, aliomba nirudie. Kisha akauliza: "Na Yusufu mchumba wake yuko wapi?" Swali zuri sana. Qurani haimtaji, nami nikamjibu hivyo hivyo bila kutia chumvi. Kikao kilichofuata tulikwenda Aal Imran, kuanzia aya ya 35, kwa mama yake Maryam mwenyewe, aliyemwekea Mungu nadhiri ya mtoto aliyeko tumboni na akajikuta amezaa msichana.

Aliyekuja kwa sababu moyo wake umevunjika, usimpeleke mbali. Ad-Duha ina aya 11 na Ash-Sharh inayoifuata ina 8. Mweleze kwamba Ad-Duha ilishuka baada ya wahyi, yaani ufunuo, kukatika kwa muda, mpaka maadui wakasema Mola wake amemwacha. Baada ya hapo nyamaza, mwache aisome.

Mbishi naye ana mlango wake. Simpi hoja zangu. Nampa Al-Waqia, aya ya 58 mpaka 72, ambapo Mwenyezi Mungu mwenyewe ndiye anayeuliza: je, mnaiona manii mnayoimwaga? Mnachopanda? Maji mnayokunywa? Moto mnaouwasha? Mbishi anapenda kuulizwa kuliko kuhubiriwa.

Mgumu kuliko wote, nakiri, ni Mwislamu wa kuzaliwa ambaye hakupata kusomeshwa utotoni. Huyu haya zinamuua. Atakuja na visingizio vya kazi na vya macho, kumbe anaogopa kusikika akigugumia mbele ya watu waliosilimu juzi. Namsomea hadithi ya Bi Aisha iliyomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim: aliye hodari wa Qurani yuko pamoja na malaika watukufu, na anayeisoma kwa kukwama, nayo inamwia ngumu, ana malipo mawili. Namsomesha peke yake mpaka ulimi ufunguke, ndipo namuunganisha na wenzake.

Sikio kwanza

Qurani ilisikika kabla ya kuandikwa, na mgeni anapaswa kuipata kwa njia hiyo. Kabla ya herufi hata moja, mpe kisomo cha kusikiliza kila siku, sura fupi moja tu, ile ile, mpaka aikamate bila kujua. Mimi hupendekeza Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri. Wapo wenye sauti tamu zaidi, lakini yeye husoma kwa utulivu, kila herufi inatoka mahali pake, na mwanafunzi anaweza kufuatisha. Wengi huniletea visomo vya pumzi ndefu vya mahafali, msomaji anairudia aya kwa mahadhi mbalimbali na watu wanapiga kelele za furaha nyuma. Hivyo ni vya kuburudisha roho. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hupotea humo.

Ikiwa Kiarabu hakijui, aanze na tarjuma huku akisikiliza. Katika Kiswahili tunayo ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969 ikiwa na maelezo mengi, na ile ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani. Akiweza, aziweke zote mbili mbele yake. Zinapotofautiana kidogo, ataona kwa macho yake kwamba anachosoma ni juhudi ya mwanachuoni kuifikisha maana, na kwamba matini yenyewe ni ya Kiarabu.

Maandishi ya Kiarabu kwa herufi za kilatini nayaruhusu kwa muda mfupi tu, kwa aliyesilimu na anahitaji kuswali leo. Yakizidi hapo yanalemaza. Hayawezi kumwonyesha tofauti ya ha nyembamba na ha ya kooni, wala sin na swad. Herufi ni 28, na mtu mzima anayekaa nazo kila siku huzishika haraka kuliko anavyodhani.

Al-Fatiha isikimbizwe

Rakaa za faradhi kwa siku ni 17, na Al-Fatiha husomwa katika kila moja. Kwa hiyo kosa dogo ndani yake litarudiwa maisha yote. Mimi huwa naikalia muda mrefu, aya baada ya aya, maana na matamshi pamoja. Naonyesha kwamba inaanza kwa kumtaja na kumsifu Mungu kama tunayemzungumzia hayupo, kisha katika aya ya tano msemaji anageuka ghafla na kumwambia moja kwa moja: Wewe tu tunakuabudu. Zinazobaki ni ombi. Mtu akishauona mgeuko huo, swala yake haiwi tena maneno ya kukariri.

Ulimi wetu wa Kiswahili una tabia mbili za kuangalia. Hupenda kuipachika irabu penye sukuni, yaani herufi isiyo na irabu, na humeza ain ikawa alifu. Sahihisha moja kwa siku moja. Mwalimu anayesahihisha kila kitu kwa pamoja hubaki na darasa tupu.

Baada yake ziende Al-Ikhlas, Al-Falaq, An-Nas, Al-Asr na Al-Kawthar, zote zikiwa katika Juzuu Amma, juzuu ya 30 yenye sura 37. Mambo ya adabu yataingia humo humo: kutia udhu kabla ya kushika msahafu, kuuweka juu ya marufaa au mahali pa heshima, kunyamaza unaposomwa. Asiyekuwa Mwislamu mpe tarjuma, au asome kwenye simu, na safari iendelee. Ukianza na orodha ya yasiyofaa, atakumbuka orodha tu.

Mpe hadithi nzima: Yusuf

Habari za Nabii Musa zimetawanyika katika sura nyingi. Kipande hiki hapa, kingine kule. Mgeni anayetaka kisa chenye mwanzo na mwisho mpe Sura Yusuf, ya 12, aya 111, isomwe kwa tarjuma katika kikao kimoja au viwili. Usiikatekate kwa mafunzo. Mpe kazi moja tu: aifuate kanzu.

Kanzu inaonekana mara tatu. Kwanza, ndugu wanairudisha kwa baba ikiwa na damu ya uwongo, na mzee Yaakub haamini, anasema subira ni njema. Mara ya pili imechanwa kwa nyuma na mke wa mkuu wa Misri, na mtu wa nyumba hiyo hiyo ndiye anayeamua: ikiwa imechanika mbele, mwanamke kasema kweli, ikiwa nyuma, kijana kasema kweli. Mara ya tatu Yusuf anaituma kwa baba yake aliyekwisha kupofuka kwa huzuni, inawekwa usoni mwake, anaona. Kitu kimoja kimetumika kudanganya, kikatoa ushahidi, kikaponya. Wanafunzi wangu wanaosoma riwaya hulipenda hili kuliko chochote, na tangu siku hiyo huanza kusoma kwa kutafuta. Sijawahi kupata njia bora ya kumfundisha mtu kuzingatia aya.

Aya alizotumiwa na jamaa zake

Itafika siku atakuja na picha ya aya moja aliyotumiwa kwenye simu, mara nyingi aya ya 5 ya Sura At-Tawba, ile ya kuwapiga vita washirikina. Usimkaripie na usibabaike. Fungueni pamoja, msome moja ya nyuma na moja ya mbele. Aya ya 4 inawatoa wale waliotimiza mikataba yao. Aya ya 6 inasema mshirikina akikuomba hifadhi, mhifadhi mpaka ayasikie maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha mfikishe mahali pa amani yake. Zote tatu ziko ubavu kwa ubavu, na aliyetuma picha alikata mbili.

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa ulevi. Kwanza Al-Baqara 219 inasema una madhara makubwa kuliko manufaa. Kisha An-Nisaa 43 inawakataza watu kuikaribia swala wakiwa wamelewa. Ndipo Al-Maida 90 ikaharamisha kabisa. Anayeshika ya kati peke yake atapata dini nyingine. Mfano huo pia unamtuliza aliyesilimu na bado anapigana na mazoea yake ya zamani. Hata wapinzani wa Makka waliuliza kwa nini Qurani haikushuka yote mara moja, na jibu limo katika Al-Furqan, aya ya 32: ili moyo uthibitike.

Swali likikushinda sema sijui, mkamwulize mwanachuoni pamoja. Na ukijiona unachoka na maswali ya mtu mmoja huku macho yako yakimtafuta mwingine mwenye cheo au elimu, soma Abasa, sura ya 80. Mtume mwenyewe alizindushwa kwa ajili ya kipofu Abdullah bin Umm Maktum, aliyemjia akitaka kujifunza wakati yeye ameshughulika na wakubwa wa Makuraishi.

Sasa Al-Baqara

Utajua wakati umefika pale atakapoacha kuuliza "nisome nini?" na kuanza kuleta maswali ya mahali alipokwisha kusoma mwenyewe. Hapo ndipo ninaporudi ukurasa wa pili wa msahafu, lakini kwa vipande. Adamu na malaika, aya 30 hadi 39. Ng'ombe aliyeipa sura jina lake, 67 hadi 73. Kibla kuhama, 142 hadi 150. Saumu, 183 hadi 187, na hizi nazipanga ziangukie karibu na Ramadhani ikiwezekana. Ayatul Kursi, 255, aihifadhi kwa moyo. Mbili za mwisho vilevile.

Aya ya 282 usiiruke, hata ikionekana kavu. Ndiyo ndefu kuliko zote katika Qurani, na inahusu kukopeshana: andikeni, wekeni mashahidi, mwandishi asikatae kuandika, msichoke kuandika deni dogo wala kubwa. Darasani kwangu hii hula kikao kizima, kwa sababu kila mtu ana mdeni wake, na wafanyabiashara hawataki kuondoka.