Kabla ya kuandika "tupu", angalia jina lililotangulia

Kwa mnaoagiza mzigo kwa ujumbe wa simu kutoka Mbuyuni, Moshi: kabla ya kuandika "tupu", angalia jina linalotangulia. Likiwa la chombo (gunia, debe, kikapu), msomaji ataelewa hakina kitu ndani. Likiwa la kile kinacholiwa, kunywewa au kusemwa, ataelewa hakijachanganywa na kingine: makande ya mahindi matupu yamekosa maharage, chai tupu haina kitafunwa, uongo mtupu hauna hata chembe ya ukweli. Maana ni ileile, "bila kingine", ila chombo hukosa cha ndani na kitu hukosa cha kuandamana nacho. Ndiyo maana mtu akisema karudi mikono mitupu hakuna anayeuliza. Mikono hapo imekuwa chombo.

Njia hii inagoma pale chombo chenyewe kinapokuwa bidhaa. "Lori la magunia matupu" laweza kuwa magunia yasiyo na kitu, au magunia peke yake bila madebe uliyoyategemea. Hapo liache kabisa neno hilo, andika "yasiyo na kitu" au "peke yake". Maneno mawili ya ziada ni nafuu kuliko kulipia lori mara mbili. Kwa watu pia haisaidii: "amebaki mtupu" ni yuko uchi, au ameishiwa hela, na wengine humaanisha yote mawili kwa utani. Upatanisho nao uzingatiwe: gunia tupu, magunia matupu, kikapu kitupu, chupa tupu hata zikiwa mia.