Jinsi ya kuomba kukaguliwa na kuondoshewa mitungi mikongwe ya kuzimia moto, Unguja na Pemba

Barua baadaye. Kwanza kaiangalie mitungi yenyewe, tena uipindue. Hewa ya bahari haina huruma: niliunyanyua mmoja kwenye nyumba ya wageni Mji Mkongwe, mshale wa kipimo cha mgandamizo uko kwenye kijani, lebo inang'ara, lakini chini umeacha duara la kutu sakafuni. Huo haujazwi tena, kitako kinaweza kupasuka wakati wowote. Wa kabonidayoksaidi, wenye tarumbeta nyeusi, hauna mshale. Unapimwa kwa mizani, na gesi ikipungua sehemu ya kumi unahitaji kujazwa.

Orodhesha kila mtungi: aina, kilo, mwaka uliogongwa kwenye chuma, na pahala ulipotundikwa.

Barua iende kwa Kamishna, Kikosi cha Zimamoto na Uokozi Zanzibar, makao makuu Kilimani. Mlioko Pemba msihangaike kupanda boti, pelekeni kituo cha Kikosi kilicho karibu. Omba mambo mawili kwa pamoja, maana wengi husahau la pili na stoo ikajaa vyuma: "Naomba mkaguzi akague mitungi sita iliyoorodheshwa, na nipatiwe maelekezo ya kuiondosha miwili iliyoharibika." Weka nambari ya simu inayopokelewa, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ukilipa chochote, dai risiti.

Mkongwe usioharibika usishuke ukutani mpaka mpya uwe umefika.

Wakati unasubiri, ule ulioharibika usiutoboe, usiutupe jaani, wala usimpe kijana wa vyuma chakavu. Mmoja aliupiga nyundo wa poda mbele ya baraza yetu: koki iliruka ikagonga mlango wa jirani, na kichochoro kizima kikawa cheupe kama kimemwagwa unga. Na ule ulikuwa umekwisha nguvu! Wa kabonidayoksaidi ulio mzima una mgandamizo unaozidi mara 50 ya hewa tunayovuta, na juani unapanda zaidi. Basi ule ulioharibika uweke kivulini, pini yake ndani, umefungwa kamba usianguke.

Ukikuta wa zamani ulioandikwa Haloni au BCF, utaje peke yake kwenye barua na usiufyatue hata kwa kujaribu. Gesi yake inakula tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kimataifa wa kulilinda tabaka hilo, iliiweka kwenye zile za kudhibitiwa, na baadaye kuondoshwa.

Mkaguzi akija, mpe orodha mkononi, na usiufiche ule wa nyuma ya jiko.