SOMO: Asidi ya uso ibaki usoni, mdomo una mambo yake

Habari za saivi wapendwa. Nimeulizwa sana inboksi kuhusu hizi tona na seramu za asidi (vimiminika vya kupaka usoni), na wengi swali lao ni moja, kama wanaweza kupitisha na mdomoni ili lipsi ziwe za pinki. Nimeona niandike somo zima manake hili limeniuma mwenyewe. Mwaka juzi najiandaa na sendofu ya mdogo wangu nilikuwa napaka tona ya asidi ya glaikoliki ya asilimia 7 usoni, uso unang'aa kwelikweli, nikasema ngoja nipake na mdomo. Nikapaka usiku nne mfululizo. Siku ya tano hata chumvi ya mchuzi inaniwasha, mdomo ukachanika pembeni, ukabanduka, na ulipopona ukarudi mweusi kuliko nilivyoanza, na ilichukua miezi mitano kupungua.

Iko hivi. Juu ya ngozi ya uso kuna matabaka ya seli zilizokufa, zimepangana kama vigae vya nyumba. Asidi inalegeza zile gundi zinazovishika, vigae vya zamani vinadondoka, vipya vinaonekana. Mdomo vigae vyake ni vichache sana, hauna tezi za jasho, mafuta yake ya asili ni kama hakuna, na melanini (ile rangi ya asili ya ngozi) ya kuukinga na jua ni kidogo. Asidi ileile ikifika hapo inamaliza vigae inaanza kula kenchi. Alafu ngozi zetu nyeusi zikijeruhiwa zinajibu kwa kutoa rangi zaidi, ndo mana mtu anatafuta pinki anaishia na weusi.

HATUA YA 1: Jua umebeba nini. Glaikoliki, laktiki na mandeliki ziko kundi la AHA, yaani asidi zinazoyeyuka kwenye maji. Glaikoliki molekuli yake ndogo, inazama haraka na ndo inawasha zaidi, mandeliki ni kubwa inaenda taratibu, wenye ngozi laini waanze na hiyo. Salisiliki ni kundi jingine, BHA, inayeyuka kwenye mafuta so inaingia mpaka ndani ya vitundu, nzuri kwa chunusi. Sasa jiulize, mdomoni kuna chunusi gani ya kufuata?

HATUA YA 2: Soma asilimia. Kama chupa haijaandika, iache dukani. Jopo la wataalamu wa vipodozi Marekani lilisema mwaka 1998 kwamba AHA ya kupaka nyumbani isizidi asilimia 10 na pH (kipimo cha ukali wa asidi, namba ikishuka ukali unapanda) isishuke chini ya 3.5. Ulaya nao salisiliki kwenye krimu ya uso mwisho asilimia 2, ila kwenye lipstiki mwisho 0.5. Angalieni hiyo tofauti jamani! Mdomo tunaulamba, tunakula nao, kilichopakwa kinamezwa. Ndo sababu nasema seramu ya uso isivuke mpaka.

HATUA YA 3: Kupaka usoni. Jaribu kwanza kidogo kwenye kikunjo cha mkono, subiri siku nzima au mbili. Kisha mara moja au mbili kwa wiki, usiku, uso ukiwa mkavu. Kabla hujapaka, pakaza mafuta ya mgando mdomoni, pembe za mdomo na kingo za pua, yanazuia asidi isitiririkie huko, hii kitu ndogo imeniokoa sana.

HATUA YA 4: Jikinge na jua. AHA inafanya ngozi iungue kirahisi zaidi, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inashauri tahadhari ya jua unapotumia na wiki moja baada ya kuacha. Sanskrini (krimu ya kukinga jua) yenye SPF 30, yaani kipimo cha kinga yake, kila asubuhi, rudia kila masaa mawili ukiwa nje. Kama sanskrini huna bajeti nayo mwezi huu basi na asidi subiri mwezi ujao, nasema kwa upendo.

HATUA YA 5: Mdomo wenyewe. Kitambaa laini, maji ya uvuguvugu, sugua polepole mara moja kwa wiki, kisha mafuta ya mgando. Mchana lipbamu yenye SPF. Kama una bidhaa ya asidi iliyotengenezwa kwa ajili ya mdomo, fuata maelezo yake, na usiipake mdomo ukiwa umechanika au una vipele vya homa. Na ile ya limau na sukari acheni! Limau pH yake inakaribia 2, na ndimu ikikutana na jua kwenye ngozi inaunguza na kuacha madoa ya kukaa wiki hadi miezi.

HATUA YA 6: Ukiungua. Maji ya bomba ya baridi ya kawaida, yatiririke dakika 20. Usipake dawa ya meno wala magadi. Mafuta ya mgando, acha vipodozi vingine vyote. Ukiona malengelenge nenda hospitali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Rayan: Dada asante kwa somo, mimi lipbamu yangu ina salisiliki kidogo, napaka kila saa na mdomo hauishi kukauka, shida nini?
Jibu: Mama Rayan mpenzi, nahisi ni hiyo hiyo. Inabandua, unakauka, unapaka tena, inabandua tena. Iache wiki mbili tatu, tumia mafuta ya mgando matupu yasiyo na harufu, usilambe mdomo, uone.

Nasra, Muscat: Shoga nimeletewa piling (asidi kali ya kubandua ngozi) ya asilimia 30, naweza kufanya mwenyewe nyumbani?
Jibu: Hapana Nasra, tena na jua la huko. Kali namna hiyo ni ya mikono ya mtaalamu, inapakwa kwa dakika inaoshwa. Mwaka 2024 mamlaka ya Marekani ilitoa onyo juu ya piling kali zinazouzwa mtandaoni, watu wanaungua na kubaki na makovu.

Hidaya: Samahani da, natumia mkorogo miaka miwili, nikiongeza asidi nitatakata haraka?
Jibu: Mdogo wangu usiongeze. Mikorogo mingi ina haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), zebaki au steroidi (dawa kali ya kutuliza ngozi), na hizo mbili za kwanza Tanzania na Kenya zimepigwa marufuku kwenye vipodozi. Ngozi yako itakuwa imeshakuwa nyembamba, asidi itapenya zaidi. Na usikatize ghafla kama ina steroidi maana uso unaweza kulipuka, nenda kwa daktari wa ngozi akupunguzie taratibu. Njoo inboksi tuongee, usione aibu.

Eddy: Dada mdomo wangu mweusi ni wa sigara, asidi itasaidia?
Jibu: Kaka Eddy, hiyo rangi moshi ndo unaichochea, asidi haiifikii chanzo. Ukiacha sigara inafifia polepole, miezi hadi miaka. Ila kama ni doa moja tu, jipya, linakua au linatoka damu, hilo peleka likaangaliwe wiki hii.