Kupanga malengo ya mwaka kwa mrushaji wa roketi ndogo

Malengo mengi ya warusha roketi hufa kabla ya mwaka kufika nusu kwa sababu yaliandikwa kama orodha ya manunuzi: nitajenga roketi tano, nitarusha mota ya G (herufi huonyesha nguvu ya mota), nitafika mita 500. Roketi tano zinaweza kukaa rafuni na rangi yake nzuri, na mwenye nazo asijue hata moja ilipanda kiasi gani. Lengo linalofaa ni lile ambalo daftari lako linaweza kulijibu ndiyo au hapana jioni ya siku ya kurusha.

Hesabu siku kabla ya kuhesabu roketi

Chukua kalenda uweke alama kwenye siku ambazo uwanja utapatikana kweli. Tuseme zimetoka 10. Futa theluthi kwa ajili ya mvua na upepo, zibaki 6 au 7. Kuandaa roketi moja, kuirusha na kwenda kuiokota huchukua dakika 15 hadi 20, na kuna kusubiri upepo utulie, kwa hiyo mirusho 4 kwa siku ni makadirio ya haki. Mwaka mzima una mirusho kama 25. Hiyo ndiyo bajeti yako, na lengo lolote linalotaka mirusho 12 limeshakula nusu yake.

Uwanja nao una neno lake. Kanuni za usalama za NAR, chama cha warusha roketi cha Marekani, zinataka uwanja wa angalau mita 60 kila upande kwa mota ya B, mita 120 kwa C, 150 kwa D, na 300 kwa E. Ukumbuke pia kwamba herufi hupanda maradufu: A inaishia nyutoni-sekunde 2.5 (kipimo cha msukumo wote wa mota), B 5, C 10, D 20, E 40. Mwenye uwanja wa mpira mmoja tu asiandike lengo la E. Aandike kwanza lengo la kupata uwanja.

Mirusho 25 inabeba malengo matatu: moja la kurudisha roketi salama, moja la kipimo, na moja la kujaribu jambo jipya. La nne huwa ni mapambo.

Lengo la kwanza: mirusho 10 mfululizo, roketi ile ile

Liandike hivi: roketi moja irushwe mara 10 mfululizo, na kila mara irudi ikiwa inaweza kurushwa tena siku hiyo hiyo bila gundi. Linaonekana dogo. Jaribu.

Roketi hupotea kwa hesabu, wala si kwa bahati mbaya. Parachuti ikifunguka mita 150 juu na roketi ikashuka kwa mita 4.5 kwa sekunde, itakaa hewani sekunde 33. Upepo wa mita 5 kwa sekunde utaisukuma mita 167, na uwanja wako wa C una mita 120. Imeshatua kwenye miti ya jirani kabla hujabonyeza kitufe. Ukipunguza parachuti ili ishuke kwa mita 6 kwa sekunde, inakaa hewani sekunde 25 na kusukumwa mita 125. Kwa siku kama hiyo rusha B, au badilisha parachuti kwa utepe.

Kipenyo cha parachuti kwa mita hupatikana hivi: zidisha 8 kwa uzito wa roketi kwa kilo, kisha kwa 9.81, gawanya kwa 3.14 × 1.2 × 0.75 × kasi × kasi. Halafu tafuta kipeuo cha pili. Roketi ya gramu 100 inayotakiwa kushuka kwa mita 4.5 kwa sekunde inahitaji parachuti ya sentimita 37. Kwa mita 6 kwa sekunde inatosha ya sentimita 28. Pima uzito roketi ikiwa na ganda la mota lililokwisha kuungua, maana ndivyo inavyoshuka.

Mfululizo ukikatika, chanzo huwa ni kimoja kati ya hivi vichache. Parachuti imeyeyuka: karatasi za kinga zisizoshika moto zilikuwa chache. Bomba la milimita 25 linataka 3 au 4, zilizofinyangwa kwa ulegevu ili zijaze bomba, zisishindiliwe. Pua imerudi kwa kishindo ikabonyeza bomba: kamba ya kunyumbuka ni fupi, iongeze ifike mara tatu ya urefu wa roketi. Kamba imepasua bomba kwa urefu kama zipu: parachuti ilitoka roketi ikiwa bado kwenye kasi, yaani muda wa kusubiri wa mota, sekunde kati ya kuisha kuwaka na kutoa parachuti, haukulingana na roketi.

Pezi kuvunjika ni kosa la mezani. Nyuzi za mbao ya balsa ziende sambamba na ukingo wa mbele wa pezi. Zikienda sambamba na bomba, pezi hupasuka kwenye shina siku ya kwanza kutua vibaya. Kwa gundi ya mbao, paka ukingo wa pezi na mstari kwenye bomba, acha ikauke, kisha paka tena na ubandike. Safu ya kwanza imeshaingia ndani ya karatasi, na ya pili hushika kwa sekunde chache bila pezi kuinama. Mwisho jaza kona zote mbili kwa gundi, uisawazishe kwa kidole. Mapezi yaliyochongoka kupita mwisho wa bomba ndiyo hutangulia kugusa ardhi, kwa hiyo roketi ya lengo hili ichague mapezi yanayoishia juu kidogo ya mkia.

Lengo la pili: kutabiri urefu kabla ya kurusha

Hapa ndipo mrushaji hukomaa, na ndilo lengo ambalo wengi hulikwepa. Liandike: mirusho 3 mfululizo, kimo cha kilele kisitofautiane na utabiri kwa zaidi ya asilimia 10. Utabiri uandikwe daftarini kwa kalamu kabla roketi haijawekwa kwenye fimbo ya kurushia.

Tumia OpenRocket, programu ya bure. Chora roketi yako, kisha ufute imani yote uliyo nayo kwenye uzito inaoukadiria yenyewe. Weka roketi kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu moja, ikiwa na parachuti, karatasi za kinga na altimita (kifaa cha kupima kimo) kama ipo, uingize uzito huo. Rangi na gundi huongeza gramu ambazo programu haizijui, na altimita ya gramu 10 kwenye roketi ya gramu 60 si jambo la kupuuza. Iwekee roketi mota yake, isawazishe juu ya kidole upate kitovu cha uzito, na uingize hicho pia. Kitovu cha uzito kiwe mbele ya kitovu cha shinikizo la hewa (mahali nguvu za hewa zinaposawazika, OpenRocket hukuonyesha) kwa angalau kipenyo kimoja cha bomba, la sivyo hakuna cha kutabiri, kuna cha kukimbia.

Kisha rusha mara 3 kwa mota ya B6-4. Ukiona kila mara imefika chini ya utabiri, tatizo mara nyingi ni ukinzani wa hewa: kingo za mapezi zilizoachwa mraba, au rangi yenye mikwaruzo. Piga msasa kingo ziwe mviringo mbele na nyembamba nyuma, au mwambie OpenRocket ukweli kuhusu uso wa roketi. Wastani wa mirusho 3 ukikubaliana na programu, hamia C6-5 na uanze kuhesabu mirusho ya lengo.

Bila altimita, simama mita 100 kutoka fimbo na upime pembe ya kilele. Urefu ni 100 mara tanjenti ya pembe, ujumlishe kimo cha jicho lako. Nyuzi 60 ni mita 173. Ukikosea nyuzi 2 ukasoma 62, umeandika mita 188, na asilimia 10 zako karibu zimekwisha kwenye mkono unaotetemeka. Kwa hiyo sogea umbali unaokaribia urefu unaoutarajia, pembe iwe karibu na 45, ambapo kosa huwa dogo zaidi. Roketi ikiinamia upande wako pembe huongezeka na urefu hudanganya. Wapimaji wawili, mmoja kila upande wa fimbo kwenye mstari wa upepo, hupunguza uongo huo.

Altimita nayo ina masharti. Husoma shinikizo la hewa, hivyo chumba chake kinataka matundu safi, nyuma ya pua kwa umbali wa vipenyo kadhaa, na kitenganishwe na moshi wa baruti inayotoa parachuti.

Mirusho hiyo hiyo ikupe na jibu la pili bila gharama: muda. Rekodi kwa simu, hesabu sekunde kutoka kuruka hadi kilele, na kutoka kuruka hadi parachuti kutoka. C6 huwaka karibu sekunde 2, halafu tarakimu ya mwisho ndiyo muda wa kusubiri. Parachuti ikitoka roketi ikiwa bado inapanda, ni nyepesi kwa muda huo; jaribu C6-7. Ikitoka roketi imeshageuza pua chini, jaribu C6-3. Tofauti ya sekunde moja kati ya mota mbili za pakiti moja si ajabu, basi usibadilishe kitu kwa mrusho mmoja.

Lengo la tatu: jambo moja jipya

Moja tu. Hatua mbili, kwa mfano: mota ya chini ya aina ya C6-0 haina muda wa kusubiri wala baruti ya parachuti, inaungua hadi juu na kuwasha ya pili. Rusha siku tulivu. Roketi ndefu hugeukia upepo, na mota ya pili ikiwaka imeinama itaipeleka mbali badala ya juu.

Au cheti cha ngazi ya kwanza, cha kurusha roketi kubwa, kinachotolewa Marekani na NAR na chama kingine kiitwacho Tripoli: umri miaka 18, mota ya H au I, na roketi irudi katika hali ya kurushwa tena. Usilipange mwaka ambao hujarusha F na G. Mota hizo kubwa za mchanganyiko hugoma zaidi kuwaka, kwa kuwa kiwashio lazima kisukumwe hadi mwisho wa juu wa tundu la fueli, ilhali mota ndogo za baruti zinataka kiguse tu sehemu ya chini. Ikigoma, toa ufunguo wa usalama kwenye kidhibiti cha kurushia, subiri sekunde 60, ndipo ukaribie.

Daftari, na siku ya kupunguza

Kila mrusho uwe na mstari mmoja: tarehe, upepo, uzito, mota na namba ya pakiti, utabiri, kipimo, nyakati mbili zile za kilele na parachuti, hali ya roketi ilipookotwa, na kilichobadilishwa. Andika uwanjani, nyumbani kila roketi huwa imepaa vizuri.

Ukifika mrusho wa 12 au 13, kaa chini na daftari. Lengo ambalo halijapata hata mrusho mmoja lihamishe mwakani bila aibu, na mota zilizotengwa kwa ajili yake zibaki mahali pakavu penye joto lisilopanda na kushuka. Mota ya baruti iliyoachwa kwenye gari juani hupata nyufa ndani, na ya namna hiyo hulipuka fimboni.