Jiko la Peleti Linapozima Usiku wa Baridi: Jinsi ya Kulisafisha na Kuitafuta Kasoro

Kwa familia nyingi zilizotoka Kongo, Burundi na Rwanda zikahamia Portland na Lewiston, katika jimbo la Maine nchini Marekani, jiko la peleti ni kifaa kigeni: huitwa jiko lakini halipikiwi, kwani kazi yake ni kupasha nyumba joto, tena haliwaki bila umeme. Katika kazi yangu ya kuyahudumia majiko haya, mara kwa mara ninamkuta mwenye jiko amekwisha kushauriwa anunue kiwashio kipya au bodi mpya ya umeme, ilhali jiko limezibwa na majivu tu na halivuti hewa. Ndiyo maana hapa ninaanza na usafi, na vipuri ninaviweka mwisho.

Kabla ya kushika bisibisi, elewa jinsi linavyofanya kazi. Peleti ni vidonge vya unga wa mbao ulioshindiliwa, vyenye unene wa milimita 6 hivi, na Marekani huuzwa kwa mifuko ya pauni 40, yaani kilo 18 hivi. Ukizimimina katika sanduku la jiko, parafujo inayozungushwa na mota ndogo huzisukuma kidogo kidogo hadi zidondoke ndani ya kikombe cha moto chenye matundu, ambamo kiwashio cha umeme huziwasha. Feni moja huvuta moshi na kuutoa nje kwa bomba, na kwa mvuto huohuo huingiza hewa mpya kupitia matundu ya kikombe. Feni ya pili hupuliza hewa ya chumbani kwenye mirija ya moto na kuirudisha ikiwa na joto. Kati ya hivyo vyote kuna swichi ndogo inayopima mvuto wa hewa, nayo ikikosa mvuto wa kutosha, kwa sababu mlango haukufungwa vizuri au bomba limeziba, huikatia umeme mota ya parafujo. Kwa hiyo jiko lisiloshusha peleti laweza kuwa na mota nzima kabisa.

Hatua ya 1: Lizime, usubiri lipoe.

Zima kwa kitufe chake, wala usichomoe waya wakati moto unawaka, kwa kuwa feni ya moshi ikisimama ghafla moshi hurudi chumbani. Likiisha kupoa kabisa, ndipo uchomoe waya. Usitumie mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi, kwa sababu kaa moja lililo hai laweza kuwasha moto ndani ya mfuko wake, na majivu laini hupenya chujio na kujaa hewani; tumia mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya majivu, na vaa barakoa. Majivu yatie katika ndoo ya chuma yenye mfuniko, uiweke nje juu ya udongo au saruji, mbali na nyumba na mbali na baraza la mbao. Kaa lililofunikwa na majivu linaweza kubaki hai kwa siku kadhaa.

Hatua ya 2: Safisha kikombe cha moto.

Hii ni kazi ya kila siku au kila baada ya siku mbili wakati wa baridi kali. Kwangua mabonge magumu yanayofanana na kioo, ambayo hutokana na mchanga na madini yaliyomo katika peleti kuyeyuka kwa joto, kisha zibua kila tundu kwa msumari au waya mgumu. Angalia hasa tundu linaloelekeana na kiwashio, kwa sababu likiziba, kiwashio kizima kitaonekana kimekufa. Ukikirudisha kikombe, hakikisha kimekaa sawasawa, maana hewa ikipita pembeni haitapita katika moto.

Hatua ya 3: Fungua njia za majivu zilizojificha.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wao hufuta kioo, humwaga droo ya majivu, na huona jiko limetakata, lakini nyuma ya bamba za ukuta wa ndani kuna vijia ambavyo moshi hupita kuelekea kwenye feni, na majivu hujikusanya humo polepole kwa wiki nyingi bila mtu kuyaona. Soma kitabu cha jiko lako ujue bamba zipi hutoka. Baada ya kuziondoa, gonga kuta za chuma taratibu kwa nyundo ya mpira, usikie majivu yakiporomoka, uyafyonze, halafu ugonge tena mpaka pasiporomoke kitu. Pitisha burashi nyembamba katika vijia vya kulia na vya kushoto, na usugue mirija ya joto. Nilifika katika nyumba moja ambayo bodi ya umeme ilikuwa imebadilishwa kwa gharama kubwa na jiko bado likawa linazima kila baada ya nusu saa. Kutoka nyuma ya bamba zake nilitoa karibu ndoo nzima ya majivu, na tangu hapo halikuzima tena. Iliniuma sana, kwa sababu fedha ile ilikuwa ya kodi ya nyumba.

Fanya kazi hii angalau kila baada ya tani moja ya Kimarekani ya peleti (pauni 2,000), yaani mifuko 50.

Hatua ya 4: Bomba la moshi na feni yake.

Fungua kifuniko kilicho chini ya kiungo cha bomba chenye umbo la T, utoe majivu, kisha upitishe burashi ya duara yenye upana wa bomba lako, ambalo kwa kawaida ni la inchi 3 au 4. Angalia pia mdomo wa bomba nje ya nyumba, kwa kuwa theluji ikirundikana huweza kuufunika. Feni ya moshi ikianza kulia au kunguruma, itoe na usafishe mapanga yake. Kama kelele haikwisha, beringi zimechakaa.

Hatua ya 5: Gasketi ya mlango.

Gasketi ni ukanda unaozuia hewa kupita ukingoni mwa mlango. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi, kisha ukivute. Kikitoka bila kukwama, gasketi imelegea mahali hapo. Rudia pande zote nne, pamoja na kioo.

Baada ya usafi huo, kama jiko bado lina tatizo, tazama moto wenyewe. Ndimi fupi, angavu na zenye kuchangamka zinaonyesha hewa ya kutosha. Ndimi ndefu za rangi ya machungwa iliyofifia, zinazoyumba kivivu na kukitia kioo masizi, zinaonyesha hewa imepungua, kwa hiyo rudi kwenye hatua ya 3 na ya 4. Peleti zisiposhuka ingawa mlango umefungwa, chunguza kwanza kama sanduku halina unga uliogandamana ukaziba mdomo wa parafujo, kisha bonyeza kitufe cha usalama wa joto kali, ikiwa jiko lako linacho, halafu angalia mrija mdogo wa mpira unaokwenda kwenye swichi ya mvuto. Uchomoe kwenye swichi kabla ya kuuzibua, na kamwe usipulize ndani ya swichi yenyewe, kwani utando wake hupasuka kwa urahisi. Kama sanduku liliwahi kuisha kabisa, parafujo ni tupu, na jaribio la kwanza la kuwasha linaweza kushindwa bila kuwa na kasoro yoyote.

Kiwashio hupimwa kwa multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, waya wa jiko ukiwa umechomolewa ukutani na nyaya za kiwashio zikiwa zimetenganishwa na jiko. Kiwashio cha wati 300 kwa umeme wa volti 120 kinapaswa kuonyesha omu 48 hivi. Multimita ikionyesha kwamba njia imekatika, hapo ndipo ununue kingine.

Peleti nazo zina lawama yake. Zilizopata unyevu huvimba na kurudi kuwa unga, na zile za ubora wa chini huacha majivu mengi. Chagua zenye majivu yasiyozidi asilimia 1, na uinue mifuko kutoka sakafuni.

Moshi ukionekana chumbani, au kengele ya monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu itokayo kwenye moto, ikilia, usitafute kasoro. Toa watu wote nje, kisha piga 911. Gesi hiyo haina harufu, kwa hiyo weka kengele karibu na vyumba vya kulala na kwenye kila ghorofa. Ikiwa nyumba ni ya kupanga, kazi ya bomba na ya umeme mwachie mwenye nyumba na fundi wake.

Majira ya baridi yakiisha, acha jiko lichome peleti zote zilizobaki, lisafishe kikamilifu, chomoa waya, na ufunge mdomo wa bomba kwa wavu ili ndege na panya wasijenge humo. Bandika karatasi juu ya kitufe cha kuwashia, uandike kwamba wavu huo lazima uondolewe kabla ya moto wa kwanza.