Kabla ya kwenda Mwanza kikazi: sato, dagaa na marafiki wa Malimbe

Barua ya safari ikishatoka na masurufu yakishaingia benki, wengi wetu hupanga mambo matatu tu: tiketi, hoteli na ripoti. Marafiki na chakula tunaviachia "tutaona huko huko". Matokeo yake mtu anakaa Mwanza siku tano, kila usiku anakula chipsi kuku za hotelini, anarudi Dar, halafu waliosoma naye wanasikia kwa watu kwamba alipita. Wananuna, na wana haki.

Mimi nilisoma SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, pale Malimbe, na kazi ya kukagua hesabu za miradi hunirudisha Mwanza karibu kila mwaka. Nimeshakosea vya kutosha kujua ni wapi mambo huharibika. Karibu mara zote huharibika kabla hujapanda ndege, kwenye ile simu ya kwanza.

Rafiki ukimwambia "nakuja wiki ijayo", yeye hasikii kikao, hasikii ukaguzi. Anasikia mgeni. Mwaka mmoja nilimwambia jamaa yangu wa Buzuruga kwamba nitapita jioni ya Jumatano. Siku hiyo kazi ilikuwa Misungwi, ikatuvuta mpaka giza, nikabisha hodi kwake saa nne usiku. Kuku wa kienyeji alikuwa kwenye sufuria, ameshapashwa moto mara tatu. Ugali ulikuwa umefunikwa kwa sahani na umefanya ngozi juu. Watoto wawili walikuwa wamelala kwenye makochi na sare za shule, kwa sababu waliambiwa hawali mpaka baba mdogo afike. Shemeji alinikaribisha kwa furaha kabisa, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Mgeni njoo mwenyeji apone", sawa, lakini yule mgeni wa methali hakuwa na kikao saa mbili asubuhi.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia mtu yeyote, ichukue ratiba ya kazi uisome kama unavyosoma mkataba. Tafuta siku inayoisha mapema na isiyo na safari ya wilayani. Taja siku hiyo moja, taja saa, na useme utaondoka saa ngapi. Usiku wa mwisho usimwahidi mtu. Usiku wa mwisho ni wa kikao cha majumuisho kilichochelewa, kusaka sahihi za watu na kufunga begi. Kama ofisi inaruhusu, omba tiketi ya kurudi iwe ya Jumapili badala ya Ijumaa, na usiku wa Jumamosi ujilipie mwenyewe. Hiyo Jumamosi ndiyo safari yenyewe.

Kama una rafiki ng'ambo ya Sengerema, hesabu zimebadilika. Zamani ukitaja Sengerema ulikuwa unataja foleni ya kivuko cha Kigongo, na nusu ya siku imekwenda. Tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi liko wazi, lile la kilomita 3, na gari linapita bila kusubiri pantoni. Ila usije ukadhani kila mtu amekuwa jirani. Kwenda na kurudi bado kunakula nafasi, na barabara ya usiku huku ng'ombe wanarudi si ya kuchezea.

Jambo la pili ni zito kuliko tumbo. Kabla hujafika, mtafute rafiki mmoja anayejua habari za wote, kila kundi linaye, umuulize taratibu: nani amefiwa, nani ameachana na mwenzake, nani kazi imeisha, nani haongei na nani. Niliingia sebuleni kwa mtu na swali langu la kwanza likawa, "Mzee hajambo?" Mzee alikuwa na miezi minne kaburini. Tulikuwa pamoja kwenye kundi la WhatsApp, taarifa ya msiba ilipita, mimi nilikuwa nimelizima kundi kwa sababu ya vichekesho vyao vya asubuhi. Chakula cha siku ile sikumbuki kilikuwa nini.

Ukijua mapema, unabadilisha mwendo. Unaanza na pole kabla ya kucheka, rambirambi unaiweka kwenye bahasha ungali Dar, na kama mama wa marehemu yupo karibu, unaomba kupelekwa umsalimie. Na kama kuna mtu anakudai, hata elfu thelathini ya mwaka ule wa field, mtumie kabla hujafika. Deni likishalipwa kwa simu, mnakutana mkiwa wepesi.

Sasa kalenda, na simaanishi ya ofisi. Kanda ya Ziwa ina Wasabato wengi, na Sabato inaanza jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi. Ukimwambia rafiki Msabato akuandalie Ijumaa usiku, umemtia kwenye mtihani bila kujua. Na usimbebee kambare kama zawadi, maana samaki asiye na magamba hali. Mwezi wa Ramadhani, rafiki Mwislamu mfuate wakati wa futari au usubiri usiku. Usimvute mgahawani mchana akutazame unavyotafuna.

Halafu kuna mwezi wa angani. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na taa inafanya kazi gizani. Siku za mbalamwezi mitumbwi mingi ya dagaa hupumzika, dagaa wabichi wanaadimika na bei inapanda. Kama una hamu ya dagaa wabichi wa kukaanga, wale wa kutafuna na kichwa chake, tazama mwezi kabla ya kujipa matumaini. Wakavu wako muda wote, na mahali pa kuwatafuta ni soko la Mwaloni, Kirumba, ambako utakutana na wachuuzi wanaopakia mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi. Waombe dagaa wa chanja, yaani waliokaushwa juu ya vichanja, wala si mchangani. Chukua konzi moja, sugua kiganjani, kisha tazama kiganja. Mchanga ukibaki, mrudishie na ushukuru.

Sato ndiye sababu ya nusu ya safari zangu, nisijifanye. Mpango wake unahitaji mambo mawili tu, mchana na simu. Mchana kwa sababu ukimtazama samaki kwenye mwanga wa jua unaona jicho kama bado liko angavu, na ukifunua matamvua unaona kama ni mekundu au yameanza kuwa rangi ya matope. Ukimbonyeza ubavuni, nyama irudi. Usiku chini ya taa ya njano samaki wote ni wazuri. Na simu kwa sababu sato mzima wa kuchoma anataka mkaa na muda. Ukikaa kando ya ziwa saa moja jioni ndipo uagize, utakula saa tatu, ukiwa umeshiba karanga na soda. Piga mchana, taja idadi, taja saa ya kufika. Siku hizi sato wengi ni wa kwenye vizimba, yaani hufugwa ndani ya nyavu humo humo ziwani. Marafiki zangu huapa kwamba wanamtambua wa kizimba kwa mafuta yake, mimi bado nawatazama tu wakibishana huku nikimaliza upande wa mgongo.

Usiishie kwa sato, lakini. Mwenyeji akikuuliza unataka nini, mgeni wa Dar hujibu "samaki" kama vile Usukumani hakuna kingine. Omba matobolwa na chai: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikakaushwa juani, vinatafunika taratibu huku mnaongea. Michembe ni nduguye, yenyewe hukaushwa ikiwa mbichi, na ikipikwa na karanga za kutwanga unaelewa kwa nini watu wanaitetea. Omba ugali wa udaga ule wa muhogo uliovundikwa, mweusi kidogo, unaonata, wenye harufu yake. Kama tumbo lako halijauzoea, sema mapema ule kidogo. Ni afadhali kusema kuliko kuacha nusu sahani mbele ya aliyekupikia. Mama wa rafiki yangu mmoja, mtu wa Ukerewe, hawezi kumaliza mlo bila kuwataja furu, visamaki vidogo alivyokua navyo. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu walikuwa wameliwa na kupungua mno. Wajukuu wanamsikiliza kama anasimulia hadithi za sungura. Ukimpata mzee wa namna hiyo, mtengee saa nzima, na kama ni Msukuma, mwanzie kwa "mwangaluka", salamu yao ya asubuhi. Neno hilo moja na "wabeja" ya kushukuru litakufungulia jiko kuliko Kiswahili chako chote kizuri.

Mkono mtupu haulambwi, na mtu wa Pwani hana sababu ya kwenda mikono mitupu. Nazi huko zinatoka mbali, kwa hiyo nazi nne tano kwenye begi ni zawadi kubwa kuliko unavyodhani. Korosho, tende, halua ya Unguja, na khanga moja kwa mama mwenye nyumba. Usibebe mkate wa dukani na juisi ya boksi ulivyonunua njiani ukienda, kila mtu anajua ulivipata Nyakato dakika kumi zilizopita. Ukiondoka, mwachie mama hela ya sukari mkononi, kimya kimya. Usiulize "bili ni kiasi gani" nyumbani kwa mtu hata kwa utani.

Viatu. Nalitaja hili kwa sababu ya kilichonikuta Mabatini. Nusu ya Mwanza imejengwa juu ya mawe, gari linakuacha chini, halafu ni ngazi na mapito kati ya miamba mpaka kwa mwenyeji. Nilipanda na viatu vya ofisini vyenye soli laini, mkono mmoja kompyuta, mwingine kreti ndogo ya soda. Watoto wa mlimani walinipita mara mbili wakikimbia, ya pili mmoja akanipokea kreti bila kusema neno. Beba raba, na kompyuta iache hotelini.

Afya ni mambo machache. Malaria ya Kanda ya Ziwa si ya kupuuza, ulizia chandarua hata kama hoteli ina kiyoyozi. Ziwa linavutia jioni, na waliosoma Malimbe watakukumbusha mlivyokuwa mnaogelea, lakini kichocho kipo, bakia kwenye mawe. Dawa zako za kila siku zitoshe siku mbili za ziada.

Kuna mpaka mmoja ambao siuvuki na sikushauri uuvuke. Kama rafiki yako wa chuo sasa anafanya kazi kwenye ofisi unayoikagua, iambie ofisi yako kabla ya safari, na mlo wenu usubiri mpaka ripoti isainiwe. Atakuelewa. Asipoelewa, hilo nalo umelijua. Na sato wa marafiki hulipwa kwa posho yako ya kujikimu au mfuko wako, risiti yake haina kazi kwenye marejesho ya masurufu.

Mwisho, samaki wa kubeba. Agiza siku mbili kabla, aparuliwe, atolewe matumbo, alale kwenye friza ya rafiki usiku mzima awe jiwe. Mfunge kwa mifuko miwili, magazeti, kisha boksi na gundi ya karatasi pande zote, na uulize shirika lako la ndege uzito unaoruhusiwa kabla hujanunua kilo ishirini. Na andika jina na namba ya simu kwa kalamu nene, juu na ubavuni. Ndege ya kutoka Mwanza hushusha maboksi ya rangi moja, gundi moja, ukubwa mmoja. Mimi nilibeba langu kwa haraka, nikafika Tabata, nikaita jirani aje na sufuria, nikafungua. Ndani mlikuwa na kayabo, sangara wa kukaushwa kwa chumvi. Ubavuni mwa boksi palikuwa na jina la mama mmoja na namba yake. Nilipompigia alikuwa Mbagala, amekaa na boksi la sato lisiloandikwa kitu, anajiuliza ampigie nani.