Mitoki kwenye sarkoma ya tishu laini: lini uitoe, lini uiache

Swali huwa lilelile. Mgonjwa kaja na uvimbe wa paja, majibu ya kinyama (kipande cha uvimbe kilichopelekwa maabara) yamerudi yakisema sarkoma (saratani ya misuli, mafuta na tishu nyingine laini), na kabla hatujamaliza kuangalia picha za MRI, kijana anayesomea upasuaji ananiuliza: "Na mitoki ya kinenani tunaisafisha siku hiyohiyo?" Ukimchunguza utakuta ametoka wodi ya saratani ya matiti, ambako habari za kwapa huulizwa kwa kila mgonjwa. Huku kwetu jibu mara nyingi ni hapana.

Sarkoma hupenda kusafiri kwa damu, na ikihama, mara nyingi hutua kwenye mapafu. Ukiwajumlisha wagonjwa wa sarkoma za aina zote, wanaofikiwa kwenye tezi za limfu (zikivimba ndiyo mitoki) ni wachache, chini ya 5 kati ya 100. Ukimsafisha kinena (kumtoa tezi zote za hapo) kila anayekuja, wengi utakuwa umewakata bure, na baadhi yao watabaki na mguu wa kuvimba maisha yao yote.

Hatua ya 1: Ijue sarkoma kwa jina lake

Usipange chochote kuhusu tezi mpaka mtaalamu wa patholojia akutajie aina. Liposarkoma na leiomiosarkoma ni nadra kugusa tezi. Zinazotiliwa shaka ni rabdomiosarkoma, sarkoma ya epithelioidi, sarkoma ya seli angavu, anjiosarkoma, na ya sinovia. Hii ya mwisho mimi naiweka mkiani: naipima tezi zake kwa ultrasaundi, siikimbilii kwa kisu.

Ya epithelioidi ndiyo inayotuchezea sana. Huanza kama kinundu kigumu kwenye kidole au kiganja cha kijana. Kinadhaniwa sugu ya ngozi, kinapasuka, kinakuwa kidonda kisichopona, na mgonjwa anafungwa bandeji miezi na miezi. Unapokuja kumwona, vinundu vingine vimeshaanza kupanda mkono kuelekea kwenye kiwiko. Kidonda cha mkono kisichofunga kwa mtu asiye na kisukari wala ukoma, chukua kinyama.

Sarkoma ya Kaposi nayo huingia kwenye tezi na hapa Afrika Mashariki tunaiona sana, lakini hiyo ni ya dawa za ARV na kemotherapi. Si ya kusafishwa tezi.

Hatua ya 2: Vidole kabla ya mashine

Uvimbe ukiwa mkononi, anza juu kidogo ya kiwiko kwa upande wa ndani, ndipo uende kwapani. Ukiwa mguuni, mkunje goti kidogo ili nyama za nyuma zilegee, zamisha ncha za vidole vya mikono yote miwili nyuma ya goti, kisha panda kinenani. Kiwiko na nyuma ya goti ndiko kunakosahaulika.

Mkulima anayetembea pekupeku na kuchubuka miguu kila msimu, mitoki midogo laini kama maharage utaikuta tu. Isikutishe. Inayonisumbua ni tezi ngumu, iliyoviringana, isiyosogea. Kwenye ultrasaundi, tezi yenye afya ina umbo la haragwe na kitovu cheupe cha mafuta. Kitovu hicho kikipotea na tezi ikawa duara, hiyo ina neno. CT ya kifua ni lazima hata tezi zikiwa safi.

Hatua ya 3: Tezi yenye shaka ichomwe sindano

Tumia sindano nene ya kuchukua kinyama, ukiongozwa na ultrasaundi. Kifua kikuu huvimbisha tezi, na kidonda cha kinyama cha kwanza pia huvimbisha, kwa hiyo omba kipimo cha TB kwenye sampuli hiyohiyo. Ukilazimika kufungua, kata kwenye mstari ambao utakuja kuufuata siku ya kusafisha eneo lote. Nimeshawahi kurithi kinena kilichokatwa ovyo mahali pengine, na ngozi niliyolazimika kuitoa ilikuwa mara mbili ya iliyohitajika.

Hatua ya 4: Tezi hazina dalili, lakini jina ni baya

Kwa zile sarkoma zinazotiliwa shaka, hapa ndipo tunaitafuta tezi mlinzi, yaani ya kwanza kupokea limfu kutoka kwenye uvimbe. Ifanyike kabla ya kuuondoa uvimbe kwa upana au katika operesheni hiyohiyo, kwa sababu ukishaondoa nyama ile njia za limfu zinabadilika. Dawa ya mionzi ya teknishiamu 99m hudungwa kuzunguka uvimbe au kovu, rangi ya bluu hufuata chumba cha upasuaji, na kifaa cha kusikilizia mionzi kinakuelekeza. Toa kila tezi ya bluu au inayolia. Kisha rudisha kifaa kwenye shimo: tezi iliyobaki yenye zaidi ya 10% ya hesabu ya ile iliyolia kuliko zote, nayo itoke.

Ushahidi wake kwenye sarkoma ni mdogo kuliko kwenye saratani ya matiti au melanoma (saratani ya ngozi). Kwa watoto wenye rabdomiosarkoma ya mkono au mguu, hata hivyo, kuchukua sampuli za tezi ni sehemu ya matibabu. Pasipo na kifaa, nawafuatilia wagonjwa hawa kwa vidole na ultrasaundi kila miezi 3, kwa miaka 2 ya mwanzo.

Hatua ya 5: Saratani imethibitika kwenye tezi

Angalia mapafu tena. Yakiwa safi, kaeni kikao na wenzenu wa mionzi na kemotherapi, kisha safisha eneo lote. Toleo la 8 la AJCC (mwongozo wa Marekani wa kupanga madaraja ya saratani), lililoanza kutumika 2018, linamweka mgonjwa wa sarkoma ya mkono au mguu ambaye tezi zake zimeshambuliwa daraja la nne, sawa na aliyeshambuliwa mapafu. Usimkatie tamaa kwa hilo: walioshambuliwa tezi peke yake huwa na hali bora kuliko walioshambuliwa mapafu.

Kwapani, chunga neva ndefu ya kifua. Ukiikata, mfupa wa bega utachomoza mgongoni kama bawa. Kinenani, usiichune ngozi ikawa nyembamba, itakufa. Mishipa mikubwa ikibaki wazi, ifunike kwa msuli wa satoriasi (ule mrefu wa mbele ya paja). Mpira wa kutoa maji hautolewi kwa kalenda: subiri maji yashuke chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku 2 mfululizo. Na kabla mgonjwa hajasaini fomu, mwambie wazi kuwa mguu unaweza kuvimba, na kwamba huenda akahitaji soksi za kubana na kiatu kikubwa zaidi upande huo.